Dakika Nzima

Saa yangu haikuambii ni saa ngapi.
Ina kitufe kimoja, niligawiwa na serikali,
inajua dakika moja tu, ikiisha inalia kama kifaranga.
Nakibonyeza, nanyamaza,
natazama kifua cha mtoto.

Jaukala ametoka ng'ambo ya mto kabla ya jogoo,
mwana mgongoni, amefungwa kwa shali la sufu,
theluji imemng'ata vidole ndani ya kandambili.
Ameshuka ngazi ya gogo, hajakaa, hajasalimu:
"Dhansara, nipe ile ya waridi."
Hajasema mtoto ana nini.

Usimnyonyeshe kwanza. Usimtikise.
Fungua shali, najua kuna baridi, nataka kuona mbavu.
Moja. Mbili.
Moshi wa msonobari unatuwasha macho sote watatu.
Kumi na tisa.
Kamasi, kikohozi, vidole vinavyotafuta ushanga wangu.
Thelathini na sita.
Kifaranga kinalia.

Mtoto wa mwaka na miezi miwili, thelathini na sita:
ni mafua, Jaukala. Mapafu yake mazima.
Mpe maji ya vuguvugu, mpe ziwa, mfunike,
akianza kuhema mbio mlete hata usiku.
Ananitazama
kama mtu aliyekwenda sokoni akapimiwa upepo.

Wilaya yetu inaitwa Jumla,
lakini dawa huku huuzwa rejareja.
Hastabir hukata vidonge kwa mkasi, viwili kwa huyu, vitatu kwa yule,
kadiri ya sarafu iliyofungwa kwenye pindo.
Kwake harudi mtu mikono mitupu,
ndiyo maana wanampenda kuliko mimi.

Na kwa Jaukala, juu ya boriti, najua kuna chupa nusu.
Ilikuwa ya Pampha, dada wa huyu.
Siku ya tatu Pampha alicheka, akaomba uji,
mama akaifunga chupa, akaiweka karibu na chumvi.
Akiba haiozi, tumelelewa hivyo.
Nilimwambia: hii inaoza.
Akaniuliza inaozea wapi, mbona bado ina rangi.

Mwaka jana wifi yangu aliniletea wake, wa miezi minne.
Sikuhitaji kifaranga.
Sitini na nane, na pale chini ya mbavu
ngozi ikiingia ndani kila pumzi.
Nikafungua sanduku langu:
karatasi za rufaa, zinki, mkasi.
Barabara ilikuwa imefukiwa na mlima tangu mwezi wa Saun.
Tukambeba kwa kikapu siku na nusu hadi Khalanga,
wanaume wakipokezana, mimi nyuma, nikihesabu.

Hospitali dawa ilikuwepo. Wakampa.
Wakampa tena.
Daktari, kijana, soksi zake zimetoboka,
alisema vijidudu vimeizoea,
kama mbwa anavyozoea kufokewa na mwenyewe.
Ile kali zaidi iko mjini, akasema, kwa ndege.
Mawingu yalikuwa yamekaa uwanjani.

Kikapu tulikiacha pale. Hakuna aliyetaka kukibeba.

Sijui vijidudu vile vilisomea chupa ya nani.
Labda ya Pampha.
Labda vidonge vya mkasi.
Labda vyangu: nami nilikuwa na boriti,
kabla sijapewa saa.

"Hesabu tena," anasema Jaukala.
Nahesabu tena. Thelathini na tano.
Namshika mkono, naulaza juu ya kifua,
hajui kusoma lakini kondoo wake hajapotea hata mmoja,
namwambia hesabu wewe.
Midomo yake inacheza. Anafika ishirini, mtoto anapiga chafya,
anaanza upya.

Anamfunga mgongoni bila neno.
Chini ya ukuta wa shule njia inagawanyika,
kushoto kwake, kulia dukani,
na ukungu umeshuka hadi pale.

Nimesimama juu ya paa.
Nimebonyeza kitufe, sina mtoto mbele yangu.
Dakika hii ni ndefu.